AJALI HAINA KINGA? Tunayojifunza kwa wazamiaji wanapofiwa na mwenzao

Mwezi huu tunazungumza nanyi juu ya kifo cha majini. Hatusemi habari za abiria aliyezama na mtumbwi. Tunamsema mtu aliyeingia chini ya maji kwa hiari yake, anajua kuogelea, ana nguvu, lakini akatolewa maiti.

Miaka michache iliyopita sisi wauguzi tulikwenda kwenye msiba wa kijana mvuvi, katika mwambao wa ziwa usio mbali na Kiloleli. Nyavu za kundi lao zilikuwa zimenasa chini kwenye mawe. Kijana huyo alisifika kwa kukaa chini ya maji muda mrefu kuliko wenzake, kwa hiyo kazi ya kunasua nyavu ilikuwa yake siku zote. Alivuta pumzi nyingi za haraka haraka, akajitupa majini na kisu mkononi. Wenzake walibaki mtumbwini wakipiga soga. Walipokumbuka kwamba hajaibuka, muda ulikuwa umekwisha kupita.

Pale msibani mzee mmoja alimwambia mmoja wetu kwa upole, "Mama, ziwa lina wenyewe. Likimtaka mtu halimwachi." Mwingine akaongeza, "Ajali haina kinga." Tuliitikia kwa heshima, maana msibani si mahali pa kubishana. Lakini wiki mbili baadaye tulisikia kwamba mdogo wake marehemu ndiye sasa anayezama kunasua nyavu, kwa namna ile ile, mahali pale pale. Hapo ndipo tulipoona kwamba hatuwezi kunyamaza.

Kuna watu duniani ambao kazi yao au mchezo wao ni kuzama majini. Wao pia hufiwa. Lakini wamezoea kufanya jambo moja ambalo sisi hatulifanyi: mwenzao akifa, baada ya kumlilia huketi na kuuliza amekufaje. Hebu tuone walichojifunza.

MZAMIAJI NI NANI?

Mzamiaji ni mtu anayekwenda chini ya maji kufanya kazi, kuvua, kuokoa au kutazama viumbe. Wako wa namna mbili. Wa kwanza huzama kwa pumzi yake mwenyewe: huvuta hewa, hufunga kinywa, hushuka, kisha hupanda. Hivyo ndivyo wanavyofanya wavuvi wengi wa pweza huko pwani, na vijana wetu wanaonasua nyavu. Wa pili hubeba mtungi wa hewa mgongoni na kupumua kwa mpira ulio kinywani. Kifaa hicho, kwa namna tunayoijua leo, kilitengenezwa mwaka 1943 na Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan.

Sisi watu wa kando ya Ziwa Viktoria tunawajua wazamiaji kwa siku za huzuni. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wazamiaji ndio walioitwa kutoa miili, wakiwemo waliotoka Afrika Kusini. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 walikufa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mitambo mmoja akiwa hai, kwa kuwa alijifungia katika chumba kilichobaki na hewa. Tuwaheshimu watu hawa, maana kila wanaposhuka nao wanahatarisha maisha yao.

KIFO KIMOJA HUKO PEMBA

Tarehe 19 Septemba 2019 kilitokea kifo katika kisiwa cha Pemba ambacho habari zake zilienea dunia nzima. Mgeni mmoja kutoka Marekani alikuwa amefikia na mchumba wake katika hoteli yenye chumba cha kulala kilichojengwa chini ya maji ya bahari. Mchumba akiwa ndani, yeye alizama nje kwa pumzi yake mwenyewe hadi kwenye dirisha la kioo. Alimwonyesha barua iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akamwomba wafunge ndoa. Kisha akaondoka dirishani kupanda juu. Hakufika akiwa hai.

Wengi walioisoma habari hiyo waliilia kwa sababu ya ndoa iliyokufa siku ya posa. Lakini wazamiaji waliisoma kwa jicho jingine. Katika tangazo la hoteli waliona neno moja: alikuwa anazama peke yake. Neno hilo walilijua. Wanaozama kwa pumzi moja wana amri yao ya kwanza: usizame peke yako. Tena wanaifafanua: mmoja chini, mmoja juu. Wawili hawashuki pamoja. Mmoja anaposhuka, mwenzake hukaa juu ya maji akimfuata kwa macho, na anapoibuka humtazama kwa nusu dakika nyingine kabla ya kuondoa macho.

Kwa nini nusu dakika nyingine, wakati mtu amekwisha kufika juu? Ili kulijibu swali hilo inatupasa tuujue mwili.

MWILI UNAPOKUWA CHINI YA MAJI

1. Kuzimia bila dalili. Watu wengi hudhani kwamba hamu ya kuvuta pumzi huja kwa sababu oksijeni imepungua. Sivyo. Hamu hiyo huletwa hasa na hewa chafu, yaani hewa ya ukaa, inapojaa katika damu. Mtu anayehema haraka haraka kabla ya kuzama haongezi oksijeni kwa kiasi cha maana. Anachofanya ni kuitoa hewa ya ukaa, na ile ndiyo kengele ya mwili. Anaposhuka, kengele haigongi mapema. Anajisikia vizuri, anaendelea na kazi, huku oksijeni inakwisha.

Hatari huwa kubwa zaidi wakati wa kupanda. Chini, uzito wa maji huyabana mapafu na kuisukuma oksijeni iliyobaki iingie kwenye damu. Mtu anapopanda, mapafu hufunguka tena na msukumo ule hupungua ghafla. Ubongo hukosa oksijeni, naye huzimia, mara nyingi katika mita chache za mwisho, au hata akiwa amekwisha kutoa kichwa nje. Hapigi kelele. Hapungi mkono. Huzama kimya kimya. Ndiyo sababu ya ile nusu dakika, na ndiyo sababu watu walio mtumbwini wanaweza wasijue lolote.

2. Mapafu kupasuka. Hili humpata anayepumua hewa ya mtungi. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo kiasi sawa na hewa yote iliyo juu yetu tunapokuwa ufukweni mwa bahari. Hewa iliyojaza mapafu katika kina cha mita 10 huwa mara mbili kwa wingi wake inapofika juu. Mtu akishikwa na hofu, akafunga pumzi na kukimbilia juu, mapafu yake hufutuka kama puto na kupasuka. Viputo vya hewa huweza kuingia katika damu na kufika kwenye ubongo. Kwa hiyo amri ya kwanza ya mwenye mtungi ni hii: usizuie pumzi kamwe, pumua wakati wote.

3. Ugonjwa wa mapovu. Hewa tunayovuta sehemu kubwa ni naitrojeni. Chini ya maji naitrojeni huyeyuka na kuingia katika damu na nyama za mwili, kama gesi iliyomo ndani ya soda. Ukifungua chupa ya soda kwa ghafla, povu huruka. Ndivyo inavyokuwa kwa mzamiaji anayepanda haraka baada ya kukaa chini kwa muda mrefu. Dalili ni maumivu ya viungo, ngozi kuwasha, kizunguzungu, ganzi, miguu kukosa nguvu, na kushindwa kukojoa. Zinaweza kuanza baada ya dakika chache, au saa nyingi baadaye. Huko pwani ya Afrika Mashariki wapo wanaozamia jongoo bahari kwa mitungi bila kufundishwa, na ugonjwa huu umewaacha baadhi yao wakiwa vilema.

Mgonjwa wa namna hii alazwe chali, apewe oksijeni safi na maji ya mwilini, kisha apelekwe kwenye chemba ya mgandamizo, yaani chumba cha chuma ambamo hewa husukumwa kwa nguvu ili mapovu yayeyuke na kutoka polepole. Asirudishwe majini ati "aponywe" huko, na asikandwe kwa maji ya moto tukidhani ni baridi yabisi.

Hapa kwetu kuna jambo la kuongeza. Ziwa Viktoria liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,134 hivi. Jedwali wanazotumia wazamiaji zimepimwa kwa bahari, na kuanzia mita 300 juu ya usawa wake hesabu lazima ibadilishwe. Mzamiaji wa pwani anayekuja kufanya kazi ziwani akitumia hesabu zake za baharini anajidanganya.

4. Hewa kuisha, kunaswa na hofu. Mzamiaji huweza kukosa hewa kwa sababu hakuangalia kipimo, kunaswa na kamba au nyavu, au kupotea njia mahali penye giza na tope. Kila mojawapo peke yake huenda isiue. Hofu ndiyo inayoziunganisha. Mwenye hofu hupumua haraka, humaliza hewa yake, husahau aliyofundishwa.

WENZAKE WALIULIZA MASWALI

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo letu. Haya yote tuliyoyaeleza hayakujulikana kwa bahati. Yalijulikana kwa sababu watu walikataa kusema "siku yake ilifika" na kuishia hapo.

Katika karne ya 19 vibarua waliokuwa wakichimba misingi ya madaraja chini ya mito, ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa kwa nguvu, walitoka wakiwa wamepinda kwa maumivu, na wengine walikufa. Mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn huko New York, Washington Roebling, alipatwa na ugonjwa huo mwaka 1872 na uliiharibu afya yake. Mwanasayansi wa Uskoti, John Scott Haldane, aliuchunguza ugonjwa huo kwa kutumia mbuzi, akiwaweka katika chemba ya mgandamizo na kuwatoa kwa mwendo mbalimbali. Mwaka 1908 yeye na wenzake walitangaza jedwali za kupanda kwa hatua: panda kidogo, simama, ngoja, panda tena. Mpaka leo mzamiaji hupanda polepole, na kwa kawaida husimama katika mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka.

Miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Marekani walikufa katika mapango yaliyojaa maji huko Florida. Watu walitaka mapango yafungwe. Mzamiaji mmoja, mwalimu wa hesabu aliyeitwa Sheck Exley, alikusanya habari za vifo hivyo na kuzipanga moja moja, na mwaka 1979 akazitolea kitabu. Aliona makosa matatu yakijirudia. Wengi waliokufa hawakuwa na kamba isiyokatika kutoka ndani hadi mlangoni. Hawakuweka akiba ya hewa. Walikwenda kina kirefu mno. Kutokana na hayo zilipatikana amri zinazofuatwa mpaka leo. Moja ni ile ya theluthi: theluthi moja ya hewa ni ya kwenda, theluthi moja ya kurudi, na theluthi moja ya dharura, yako au ya mwenzako.

Exley mwenyewe alifia majini tarehe 6 Aprili 1994, katika shimo refu la maji liitwalo Zacatón huko Meksiko, akijaribu kufika kina ambacho wachache sana wamewahi kukijaribu. Rafiki zake walimlilia, kisha wakakichunguza kifo chake kama yeye alivyochunguza vya wengine. Hawakukificha kwa sababu alikuwa mkubwa wao. Kufanya hivyo ni kumheshimu.

Tangu mwaka 1980 kuna chama kiitwacho Divers Alert Network, kilichoanzia katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, ambacho hupokea simu za wazamiaji walioumia na kukusanya taarifa za ajali. Huko Uingereza chama cha wazamiaji, British Sub-Aqua Club, hutoa taarifa ya ajali kila mwaka. Lengo lake ni kujifunza: nini kilitokea, kwa mfuatano gani, na nini kingeweza kuukata mfuatano huo.

Tutoe mfano mmoja wa karibuni. Mwezi Juni 2018 watoto 12 na kocha wao walinaswa na maji katika pango la Tham Luang nchini Thailand. Tarehe 6 Julai mzamiaji wa kujitolea, Saman Kunan, aliyekuwa zamani askari wa jeshi la maji, alikufa baada ya kupeleka mitungi ya hewa ndani ya pango. Alikuwa na mwenzake, na mwenzake alijitahidi kumrudishia uhai bila kufaulu. Wenzao wangeweza kuacha. Wangeweza pia kukimbilia ndani kwa hasira. Walilia, wakajipanga upya kwa uangalifu mkubwa zaidi, na kati ya tarehe 8 na 10 Julai wakawatoa watoto wote 12 na kocha wao wakiwa hai. Leo sanamu ya Saman Kunan imesimama karibu na pango hilo.

MWENZAKE ALIYEBAKI

Kabla ya kuendelea, tuseme neno juu ya mtu ambaye mara nyingi husahauliwa. Ni yule aliyekuwa na marehemu.

Sisi wauguzi tumewaona. Huja hospitali wakisema hawalali, tumbo linauma, moyo unakwenda mbio. Tukiwapima hatuoni malaria wala minyoo. Tukikaa nao ndipo wanaposema, "Nilikuwa naye. Niligeuka kidogo tu." Wengine husingiziwa kwamba wamemtoa mwenzao kafara ili wapate samaki. Masingizio ya namna hiyo ni ya kikatili, nayo yana madhara mengine: humfunga kinywa mtu wa pekee anayeweza kutuambia kilichotokea. Tukimtisha, atanyamaza, na sisi hatutajifunza kitu.

Mwenzake aliyebaki asiachwe peke yake siku za kwanza. Asikilizwe bila kukatizwa. Asiulizwe "kwa nini hukumwokoa?" Aulizwe "ilikuwaje?" Maswali hayo mawili hayafanani hata kidogo. Akiendelea kukosa usingizi, kuota ndoto mbaya, kuogopa maji au kusema hana haja ya kuishi, aletwe hospitali.

SISI TUFANYE NINI?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Tangu mwaka huo Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya majini. Nasi tunalo ziwa, mito inayofurika masika, na malambo ya kunyweshea ng'ombe ambamo watoto wetu huoga. Tuchukue haya kutoka kwa wazamiaji:

(a) Asizame mtu peke yake. Nyavu zikinasa, mmoja azame, mwingine awe majini juu yake akiwa na boya au dumu tupu lililofungwa kamba, macho kwa mwenzake tu. Walio mtumbwini wasipige soga.

(b) Asiheme haraka haraka kabla ya kuzama. Pumzi mbili au tatu za utulivu zinatosha. Akiibuka, apumzike juu kwa muda mrefu kuliko aliokaa chini.

(c) Watoto wakatazwe mashindano ya kushika pumzi majini. Mama anayefua kando ya lambo na kusikia watoto wakihesabu "moja, mbili, tatu" wakati mwenzao yuko chini, awazuie mara moja.

(d) Nyavu ikishindikana, ikatwe. Tunajua bei ya nyavu na tunajua deni lililoko dukani. Lakini nyavu hununuliwa.

(e) Aliyekunywa pombe asizame, wala asiwe mlinzi wa mwenzake.

(f) Mwokoaji asiwe maiti wa pili. Ukiona mtu anazama, kwanza piga kelele. Mnyooshee mti, kasia au kitenge. Ikishindikana, mrushie dumu lililofungwa kizibo. Ikishindikana, mfuate kwa mtumbwi. Usijitupe majini mikono mitupu, maana anayezama hushika chochote na hukizamisha. Piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112, Polisi.

MTU AKITOLEWA MAJINI

Tafadhali wekeni sehemu hii mahali mnapoweza kuiona.

Kwanza, mlazeni chali mahali pagumu. Msimbebe kichwa chini miguu juu, msimzungushe juu ya pipa, msimkande tumbo. Maji yaliyoingia kwenye mapafu hayatoki kwa njia hiyo. Matapishi ndiyo yanayotoka, na humziba koo.

Pili, inueni kidevu ili njia ya hewa ifunguke. Tazameni kama anapumua kwa sekunde zisizozidi 10.

Tatu, kama hapumui, mzibeni pua, mpulizieni kinywani pumzi 5, kila moja mpaka kifua kiinuke. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo pumzi ndizo anazozihitaji kwanza.

Nne, kama bado hajashtuka, wekeni mikono katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu mara 30, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2. Endeleeni hivyo, 30 kwa 2, mkipokezana, mpaka apumue au mpaka afike mhudumu wa afya. Kwa mtoto mdogo tumieni mkono mmoja.

Tano, akianza kupumua, mlazeni ubavu, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa blanketi au vitenge vikavu. Msimpe chochote kinywani.

Sita, mleteni hospitali hata kama ameamka na anaongea. Mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kuharibika saa chache baadaye. Na kama alikuwa anazama kwa mtungi wa hewa, tuambieni: kina gani, muda gani, alipanda vipi. Leteni na vifaa vyake kama vilivyo.

KIKAO BAADA YA MSIBA

Hatusemi watu waulizane siku ya mazishi. Siku hiyo ni ya kulia na kumwombea marehemu. Lakini baada ya kumaliza matanga, wavuvi wa mwalo ule, wazee na ndugu waketi pamoja na kuuliza kwa utulivu: Alikwenda kufanya nini? Alikuwa na nani? Nani alimwona mwisho, na wakati huo alikuwa katika hali gani? Alikuwa na kifaa gani, na hakuwa nacho kipi? Ni hatua ipi, kama ingefanywa tofauti, ingemwacha hai? Katibu aandike majibu. Yasomwe kwa kila kijana mpya anayekuja mwaloni.

Tulimwita yule mdogo wake marehemu pamoja na kundi lao. Tulikaa nao chini ya mti, tukawaeleza habari za ile kengele ya mwili, na ile nusu dakika. Kijana alisikiliza akitazama chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kaka hakuchukuliwa?" Tukamjibu kwamba kaka yake alizimia, na kwamba mtu akiwa karibu yake pale juu, huenda angemshika mkono. Alilia sana, na wenzake walilia naye. Siku ile ile walikubaliana kwamba atakayezama awe na mlinzi majini, na nyavu ikikataa ikatwe. Tangu hapo nyavu mbili zimekatwa. Vijana wote wapo.

Ajali haina kinga, ndivyo tulivyozoea kusema. Wazamiaji wametuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kinga imo ndani ya ajali iliyotangulia, ikiwa tutakubali kuitazama.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji chetu ni nani aliyefia majini miaka ya karibuni? Je, tuliwahi kuuliza ilikuwaje?
2. Watoto wetu huoga wapi, na ni mtu mzima gani anayewatazama?
3. Mitumbwi ya mwalo wetu ina maboya au madumu yenye kamba? Kama haina, ni lini tutayaweka?
4. Ni nani kati yetu aliyebaki hai baada ya mwenzake kufa maji? Tumemtembelea?